Tofauti Hupimwa Kutoka Njia Panda

Msafiri aendaye Mang'ola huiacha barabara kuu itokayo Karatu kwenda Ngorongoro, akashika njia inayoteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Wasafiri wawili waliotoka Karatu pamoja huagana hapo: mmoja hupanda kuelekea lango la hifadhi, mwingine huteremka kuelekea mashamba ya vitunguu. Saa moja baadaye mtu akiuliza, "Huyu wa Mang'ola amekwenda umbali gani tangu walipoachana?", jibu halipatikani kwa kupima umbali uliopo kati ya wasafiri hao wawili, kwa kuwa huenda umbali huo umefanywa na miguu ya wote wawili. Pengine yule wa Mang'ola ameketi chini ya mgunga akipumzika, hajaongeza hata hatua moja, na umbali wote ni kazi ya mwenzake. Ili kujua nani amefanya nini, hapana budi kurudi njia panda na kupima kutoka pale.

Jambo hili ni jepesi na mtoto wa shule ya msingi hulielewa. Hata hivyo ndilo linalosahauliwa mara kwa mara na watu wanaotunza programu za kompyuta, wakati wanapolinganisha matawi mawili ya programu moja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulinganishaji huo unavyofanyika, kosa linaloingia humo, na hasara inayoweza kumfikia mwananchi ambaye hajawahi kuiona hiyo programu. Aidha, yanatetea hoja moja: kwamba kila chombo cha umma kinachobadilisha programu ya kompyuta kiwe na wajibu wa kuyaonyesha mabadiliko yake kwa kuyapima kutoka njia panda, na kwamba wajibu huo uhesabiwe kuwa sehemu ya utunzaji wa mali ya umma, sawa na utunzaji wa daftari la stakabadhi.

Shina na tawi

Kwanza inafaa ieleweke kwamba programu ya kompyuta ni maandishi. Ni mistari ya maagizo iliyoandikwa na watu, mmoja baada ya mwingine, katika lugha ambayo mashine huweza kuifuata. Programu ndogo ina mistari mia chache. Kiini cha mfumo wa Linux kina mamilioni ya mistari. Maandishi hayo hayakai kama yalivyo. Kila siku mtu hurekebisha kosa hapa, huongeza kanuni pale, hufuta jambo ambalo halihitajiki tena. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayeweza kukumbuka kwa kichwa kilichobadilishwa na sababu yake.

Ndiyo maana ulibuniwa mfumo wa kudhibiti matoleo. Kazi yake inafanana na ya karani mwaminifu: kila mara mtunzi anapomaliza badiliko, mfumo huweka kumbukumbu yenye hali ya maandishi wakati huo, jina la aliyebadilisha, tarehe, maelezo mafupi ya sababu, na alama inayoonyesha kumbukumbu iliyotangulia. Kwa njia hiyo kumbukumbu zote huungana kama pingili za mnyororo, na mtu huweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mwanzo wa kazi.

Wakati mwingine watu wawili wanahitaji kuibadilisha programu ileile kwa makusudi tofauti bila kungojeana. Hapo mnyororo hugawanyika. Upande mmoja huitwa shina, nao ndio unaokubaliwa na wote kuwa toleo kuu; upande mwingine huitwa tawi. Kumbukumbu ya mwisho iliyo ya pande zote mbili, yaani ile iliyokuwapo kabla hazijaachana, ndiyo njia panda. Ncha ya shina ni hali ya shina leo, na ncha ya tawi ni hali ya tawi leo.

Historia ya vyombo hivi si ya jana. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara ya Bell huko Marekani, alianza kuunda mfumo ulioitwa SCCS, mmoja wa mifumo ya kwanza ya namna hii. Katika maabara hizo hizo James Hunt na Douglas McIlroy walieleza mwaka 1976 njia iliyotumiwa na programu iitwayo diff, ambayo hutafuta mfuatano mrefu zaidi wa mistari iliyo sawa katika maandishi mawili, kisha hutangaza mistari iliyosalia kuwa imefutwa au imeongezwa. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1980 Walter Tichy alitoa mfumo wa RCS, na mwaka 1986 Eugene Myers alichapisha njia ya haraka zaidi ya kutafuta tofauti. Mwezi wa Aprili 2005 Linus Torvalds aliandika mfumo uitwao Git, baada ya watunzi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo mwingine waliokuwa wakiutegemea. Git ndiyo inayotumiwa zaidi duniani hivi leo, na imekuwa rahisi kwayo kuanzisha tawi kuliko mifumo iliyoitangulia. Lakini wepesi wa kuanzisha matawi umeleta wingi wa matawi, na wingi wa matawi umeleta haja kubwa ya kujua kuyalinganisha.

Mfano wa zamu ya maji

Mang'ola ni mahali panapofaa kwa mfano, kwa sababu wakazi wake wanajua maana ya kitu kimoja kugawanywa katika njia nyingi. Nchi ya pale ni kame na Ziwa Eyasi lina maji ya chumvi. Lakini chemchemi zinazotoka chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kama zile za Qangded, hutoa maji matamu ambayo huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya vitunguu. Maji hugawanywa kwa zamu. Anayepoteza zamu yake katika majuma ambayo vitunguu vinajaza huona mavuno yakipungua, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomrudishia gunia alilolikosa.

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba ipo programu ndogo inayopanga zamu za mfereji mmoja. Mstari wa 4 wa programu hiyo unasema kuwa mfereji unahudumia ekari 40. Mstari wa 30 unasema kuwa kila ekari ipewe maji kwa saa 3. Mstari wa 60 unasema kuwa mzunguko mzima ukamilike kwa siku 7. Hesabu yake ni nyepesi: ekari 40 kwa saa 3 ni saa 120, na siku 7 zina saa 168. Maji yanatosha, na saa 48 zinabaki.

Kutoka hapo programu inagawanyika. Katika shina, karani anawaandikisha wakulima wapya na kuandika ekari 50 badala ya 40. Saa zinazohitajika sasa ni 150. Bado mzunguko unatosha. Wakati huohuo, katika tawi, bwana shamba anagundua kwamba udongo wa mchanga hunywa maji mengi, naye anaandika saa 4 badala ya 3. Kwa ekari 40 zilizomo katika tawi lake saa zinazohitajika ni 160, nazo zinatosha. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa uangalifu, na hakuna aliyekosea.

Sasa kiongozi anataka kujua tawi limebadilisha nini kabla ya kulikubali. Akilinganisha ncha kwa ncha, kompyuta itamwonyesha tofauti mbili: katika shina ekari 50, katika tawi ekari 40, katika shina saa 3, katika tawi saa 4. Akiisoma orodha hiyo kama orodha ya kazi ya bwana shamba, atasema: "Mtu huyu ameongeza saa moja, lakini amewaondoa wakulima wa ekari 10." Hiyo ni shutuma ya uongo. Bwana shamba hakuwahi kuugusa mstari wa 4. Wakulima wale waliongezwa upande wa pili baada ya yeye kuondoka njia panda. Vibaya zaidi ni pale kiongozi asiposoma orodha yoyote, bali anachukua faili la tawi na kulibandika juu ya faili la shina kwa kuwa "ndilo jipya". Hapo shutuma ya uongo inageuka kuwa kweli: ekari 10 zinatoweka katika orodha, na wenye mashamba hayo watakuja kugundua siku ya zamu, wakiwa wamesimama kando ya mfereji na majembe yao.

Akilinganisha kutoka njia panda, ataona jambo jingine kabisa. Kati ya njia panda na tawi kuna tofauti moja tu: saa 3 zimekuwa 4. Kati ya njia panda na shina kuna tofauti moja tu: ekari 40 zimekuwa 50. Kila badiliko limerudi kwa mwenyewe.

Katika Git njia hizi mbili zinatofautishwa kwa alama ndogo sana. Amri isemayo git diff shina tawi hulinganisha ncha kwa ncha, nayo ni sawa na git diff shina..tawi yenye nukta mbili. Amri isemayo git diff shina...tawi, yenye nukta tatu, huanzia njia panda na kuishia kwenye ncha ya tawi. Nukta moja tu inatenganisha maswali mawili yasiyofanana. Kwa bahati mbaya alama hizohizo hubadilika maana katika amri ya kuorodhesha kumbukumbu: git log shina..tawi, yenye nukta mbili, hutaja kumbukumbu zilizomo katika tawi ambazo hazimo katika shina, ilhali ile ya nukta tatu hutaja za pande zote mbili zisizo za pamoja. Mwanafunzi aliyekariri alama bila kuelewa njia panda hana budi kupotea.

Si kwamba kulinganisha ncha kwa ncha hakuna kazi. Mtu anayetaka kujua jinsi mashine mbili zinavyotofautiana leo, iwe tofauti hizo zimetoka kwa nani, atatumia njia hiyo na atapata jibu sahihi. Kosa ni kuuliza swali moja na kusoma jibu la swali jingine.

Mahali mashine inapofikia mwisho

Faida ya njia panda haiishii katika kusoma. Kompyuta inapoagizwa kuunganisha tawi na shina hutazama maandishi matatu: ya njia panda, ya shina na ya tawi. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu huchukuliwa kama ulivyobadilishwa. Mahali palipobadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti, mashine husimama na kutangaza mgongano, ikimwachia mtu aamue. Katika mfano huu mistari iliyoguswa iko mbalimbali. Basi mashine itaunganisha bila kulalamika na kutoa ekari 50, saa 4 na siku 7.

Msomaji afanye hesabu. Ekari 50 kwa saa 4 ni saa 200, na mzunguko una saa 168. Maji hayatoshi. Mabadiliko mawili, kila moja likiwa sahihi peke yake, yameungana bila mgongano wowote wa maandishi na kuzaa ratiba isiyotekelezeka. Mashine haina kosa, kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha mistari, wala haijui maji ni nini. Anayejua ni mtu aliyekaa katika kamati ya maji. Kwa sababu hiyo orodha ya tofauti haina budi kusomwa na mtu anayeyafahamu mambo yenyewe, na si na fundi wa kompyuta peke yake. Lakini mjumbe wa kamati hawezi kusoma mistari elfu nne. Anaweza kusoma mistari miwili, endapo mistari hiyo miwili ndiyo iliyobadilishwa kweli. Kulinganisha kutoka njia panda ndiko kunakomwezesha mwananchi kushiriki katika hukumu.

Wilaya mama na wilaya mwana

Wazo hili linaonekana pia nje ya kompyuta, na Mang'ola yenyewe ni shahidi. Kabla ya katikati ya miaka ya 1990 Mang'ola ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Kisha Karatu ikakatwa kuwa wilaya yake. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukaundwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mbulu ikaenda Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Mtafiti anayetaka kujua Karatu imejenga shule ngapi tangu kuanzishwa kwake hawezi kuchukua hesabu ya Karatu ya leo na kuilinganisha na hesabu ya Mbulu ya leo. Mbulu nayo haikulala. Atahitaji daftari la Mbulu ya zamani, kata kwa kata, kama lilivyokuwa siku ya kuachana. Daftari hilo likipotea, hakuna werevu wa takwimu utakaolifufua.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo husemwa juu ya mila, lakini inafaa pia juu ya kumbukumbu: anayepoteza asili ya pamoja hubaki mtumwa wa makisio.

Mafunzo kutoka Dar es Salaam

Taifa limekwisha kupata uzoefu wa matawi. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Ilithibitisha kwamba karani anaweza kuandika barua na kupanga hesabu katika kompyuta inayosema naye kwa lugha ya taifa, na ililazimu istilahi nyingi zitafutwe na kukubaliwa.

Hata hivyo kazi hiyo ilijengwa juu ya mfululizo wa toleo la 1.1 la OpenOffice.org, na shina halikungoja. Oktoba 2005 lilitolewa toleo la 2.0 lenye mabadiliko mengi. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya watunzi walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na shina lenyewe likawa na matawi. Tafsiri iliyofanywa kwa toleo moja haihamii yenyewe katika toleo linalofuata: maneno mapya huongezwa, ya zamani hubadilishwa, mengine hufutwa. Lazima mtu akae na orodha tatu, yaani maneno ya shina la zamani, maneno ya shina jipya, na tafsiri ya Kiswahili, kisha aone ni maneno gani yaliyobadilika tangu njia panda. Kazi hiyo, ikifanywa kila toleo linapotoka, ni ya siku chache. Ikiachwa kwa miaka kumi, huwa sawa na kuanza upya.

Mfano wa pili ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambao Tanzania ni mojawapo ya nchi nyingi zinazoutumia, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi katika kuuendeleza. Humo umechaguliwa utaratibu wenye busara: mahitaji ya nchi moja moja, kadiri inavyowezekana, hutimizwa kwa programu ndogo zinazopachikwa juu ya mfumo, badala ya kila nchi kukata kiini na kukigeuza. Kwa hiyo kiini hubaki kimoja, marekebisho ya usalama humfikia kila mtumiaji, na umbali kutoka njia panda huwa mfupi. Somo ni kwamba tawi jema ni lile lenye sababu, lenye daftari, na lisilokaa mbali na shina muda mrefu kuliko inavyolazimu.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa ofisi huweka nakala ya programu kila mwezi na kuiandika tarehe. Nakala ni jambo jema. Ikitokea mashine kuungua nakala huokoa. Lakini nakala ya Machi na nakala ya Aprili huonyesha tu kwamba kuna tofauti. Hazisemi nani aliifanya, kwa sababu gani, wala ipi kati yake ilitokana na nyingine pale matawi yalipokuwa mawili. Ni picha mbili za wasafiri, bila picha ya njia panda.

Wengine husema kwamba hiyo ni kazi ya mzabuni aliyelipwa. Jibu ni kwamba mkataba huisha na mzabuni huondoka. Akiondoka na kumbukumbu za mabadiliko na kuacha faili la mwisho peke yake, mzabuni anayefuata hataweza kujua ni mistari ipi ya shina la kawaida na ipi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi hii. Atalazimika ama kuogopa kugusa kitu chochote, ama kuandika upya kilichokwisha kulipiwa.

Wapo pia wanaohofia usalama: kuweka kumbukumbu za programu za serikali ni kuzianika hadharani. Hofu hii inachanganya mambo mawili. Kuweka kumbukumbu si kuzichapisha. Git hufanya kazi katika mashine ya ofisi yenyewe, hata pasipo intaneti, na kila nakala yake kamili hubeba historia nzima. Isitoshe, ofisi isiyojua ni mistari ipi iliyobadilishwa haina njia ya kumgundua aliyeingiza mstari wa hila.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya uhaba wa watu. Halmashauri nyingi za vijijini zina wataalamu wachache mno wa kompyuta, na kazi zao ni nyingi. Ni kweli. Lakini uhaba huo ndio unaoitetea njia hii. Mtaalamu mmoja anaweza kuzisoma tofauti ishirini za kweli jioni moja. Hawezi kuchambua tofauti elfu mbili ambazo nusu yake ni kazi ya shina, zilizomwangukia kwa sababu alilinganisha ncha kwa ncha baada ya miaka mitatu ya kukaa mbali.

Nini kifanyike

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa kazi ya kusimamia na kuratibu mifumo ya taasisi za umma. Kwa hiyo chombo cha kuweka kanuni kipo, wala haihitajiki taasisi mpya. Kinachohitajika ni mambo manne.

La kwanza, kila mkataba wa kuunda au kubadilisha programu kwa fedha za umma ueleze wazi kwamba kinachokabidhiwa ni historia nzima ya mabadiliko na si faili la mwisho pekee. Programu iliyokabidhiwa bila historia ihesabiwe kuwa haijakabidhiwa.

La pili, taasisi yenye tawi lake la programu itoe kila mwaka taarifa fupi ya tofauti, iliyopimwa kutoka njia panda, ikieleza kwa kila badiliko sababu yake kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mabadiliko yanayogusa haki za watu, kama zamu, ada au orodha ya wanaostahili huduma, yasomwe na wawakilishi wa watumiaji kabla ya kuunganishwa.

La tatu, matawi yaunganishwe mapema na mara kwa mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tawi lililokaa wiki mbili huunganishwa kwa saa moja. Lililokaa miaka miwili huhitaji kamati.

La nne, vyuo vikuu na vyuo vya ufundi vifundishe kusoma tofauti kama stadi kamili. Mwanafunzi hufundishwa kuandika programu mpya kuanzia ukurasa mtupu, ilhali maisha yake yote ya kazi atakuwa akibadilisha maandishi ya wengine. Mtihani mmoja ungetosha kumpima: apewe maandishi matatu, ya njia panda, ya shina na ya tawi, aulizwe nani amebadilisha nini, na kama mchanganyiko wake unatekelezeka. Mfano wa ekari na saa za maji ungefaa kabisa, wala hauhitaji kompyuta ya bei kubwa.

Methali ya wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu za umma ni mali, ingawa hazishikiki kwa mkono, na daftari lake ni mnyororo wa kumbukumbu pamoja na njia panda zake zote. Mkulima wa Mang'ola hana haja ya kujua neno lolote la lugha ya kompyuta. Haki yake ni kwamba, siku atakapokuta jina lake halimo katika zamu, awepo mtu ofisini anayeweza kufungua daftari na kumwonyesha mstari uliobadilishwa, mkono ulioubadilisha, siku na sababu. Ofisi inayoweza kutoa jibu hilo inaitunza mali ya umma. Isiyoweza, hata mashine zake ziwe mpya namna gani, haina tofauti na mgawa maji asiyejua mfereji umegawanyika wapi.